Gauni la harusi na umbo lako: anza na mshono wa kiuno, jina la mtindo litafuata

FundiWaKondele

Wadau, hamjambo. Agosti ikikaribia simu yangu hujaa picha. Dada ananitumia bibi harusi wa Lagos aliyevaa gauni la nguva, lile la kubana mpaka magotini kisha likafunguka, na chini ya picha ameandika: "Fundi, hili litanitoa?" Mimi humjibu kwa swali: kutoka kiunoni hadi sakafuni una inchi ngapi? Kimya. Kifua anakijua, kiuno anakijua, nyonga anazijua mpaka za kabla ya kuzaa. Urefu hajawahi kupimwa.

Mafunzo ya mitandaoni yanawagawa wanawake kwa matunda: huyu tufaha, huyu pea, yule namba nane. Mgawanyo huo unaangalia upana peke yake. Chukua wanawake wawili wenye nyonga za inchi 44. Mmoja ana futi tano na inchi mbili, kiwiliwili kirefu, miguu mifupi. Mwenzake ana futi tano na inchi tisa, na mbavu zake zinakaribia kugusa nyonga. Wavishe gauni moja kwa sababu wote ni "pea", mmoja atazama ndani yake, mwingine ataonekana amekatwa katikati.

Kwa hiyo ninachosema mimi ni hiki: amua kwanza mshono wa kiuno utakaa wapi. Jicho la mtu likitazama gauni hutua pale kitambaa cha juu kinapokutana na cha chini, na kutoka hapo ndipo linapima miguu yako ni mirefu au mifupi, tumbo limeanzia wapi, nyonga zimeishia wapi. Mshono huo unaweza kukaa chini ya matiti, kiunoni penyewe, ukashuka hadi kwenye nyonga, ukashuka kwa ncha ya V mbele, au usiwepo kabisa, gauni likashonwa kwa mishono mirefu inayotoka begani au kwapani hadi chini.

Namna ya kujipima nyumbani: vaa sidiria utakayovaa siku ile na viatu vya siku ile. Funga lastiki nyembamba tumboni, inama kushoto, inama kulia, keti, simama. Lastiki itatafuta yenyewe mahali pa kukaa, na hapo ndipo kiuno chako, hata kama wewe hufungia sketi chini zaidi. Sasa mtu akupime kutoka mfupa wa shingo nyuma hadi kwenye lastiki, kutoka lastiki hadi nyonga zilipojaa zaidi, na kutoka lastiki hadi sakafuni. Usijipime mwenyewe, ukiinama kusoma tepu vipimo vyote vinahama.

Kiwiliwili kifupi: usiweke mshono mlalo kiunoni, na mkanda mpana wa vito uuache dukani. Chukua ncha ya V au mishono mirefu. Kiwiliwili kirefu na miguu mifupi: pandisha mshono inchi moja hivi juu ya kiuno, sketi ianzie hapo, miguu itaongezeka bila kisigino kuongezeka. Kifua kikubwa nitakizungumzia nikiulizwa, maana hicho ni mada nzima peke yake.

Nyonga pana ndizo ninazotaka kuziongelea. Makala nyingi za magauni zimeandikiwa mtu anayetaka kuzificha. Hapa Kisumu anayeingia kwangu mara nyingi anataka zionekane, na zisipoonekana shangazi zake watalalamika kabla ya keki kukatwa. Kama ndio furaha yako, gauni la nguva ni lako. Ila uliza sketi inafunguka wapi. Ikifunguka katikati ya paja utatembea, utacheza, utapanda ngazi za kanisa. Ikifunguka chini ya goti utatembea hatua za inchi nane siku nzima, na kuingia garini utasaidiwa na wasimamizi wawili. Jaribu kuketi nalo kabla ya kulipa. Mwili ukiketi hupanuka, na zipu haijui kwamba leo ni harusi.

Karibuni maswali. Picha zenu nitumieni inboksi, msiziweke hapa wazi.

BibiHarusiAgosti

Asante sana fundi. Mimi ni mfupi, futi tano na inchi moja. Nina mtoto wa miezi minane kwa hivyo tumbo bado lipo, na nanyonyesha. Kanisani ni mjini Kisumu, halafu tunaenda kusherehekea nyumbani Seme, uwanjani, kwenye hema. Moyo wangu uko kwa gauni la kufura, lile la malkia. Kila mtu ananiambia mfupi havai hilo.

FundiWaKondele

Nyathina (mwanangu), hao wanaokukataza wamerudia tu walichosikia. Mfupi huvaa gauni la kufura. Kinachommeza ni ujazo unaoanzia kiunoni ghafla na kwenda pembeni. Sketi ikatwe iwe bapa inchi nne hivi za kwanza chini ya mshono, halafu ndipo ianze kujaa. Petikoti ya waya iwe na pete mbili, usikubali ya pete sita. Sehemu ya juu ibane vizuri, isiwe na mikono ya puto, ili mtu aone wewe unaanzia wapi na gauni linaanzia wapi. Mkia uwe mfupi.

Kuhusu tumbo: usikimbilie mshono wa chini ya matiti. Mkato huo ulivuma Ufaransa enzi za Napoleon, na mkewe Joséphine anaonekana nao kwenye michoro mingi, lakini walitumia vitambaa vyepesi mno vinavyoanguka. Hapa mtu anapewa satini nzito, anarundikiwa mikunjo chini ya kifua, na wageni wanaanza kuulizana mtoto wa pili anakuja lini. Kwako ningeweka mshono kiunoni, kitambaa cha juu kizungushiwe mshazari tumboni kwa mikunjo midogo iliyolala, kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Mikunjo hiyo inavunja kivuli cha tumbo. Satini inayong'aa iliyovutwa bapa juu ya tumbo inafanya kinyume chake, kila taa ya mpiga picha inapata mahali pa kutua.

Na kwa kuwa unanyonyesha: kifua cha leo asubuhi si kifua cha saa nane mchana. Omba kamba za kufunga mgongoni badala ya zipu, na mbele pawe na shingo ya V ya kupishana inayofunguka. Kanisani utafunga, hemani utalegeza. Vikombe vya kifuani vishonwe ndani ya gauni lenyewe, na vitandikwe pamba.

MamaWaNjoro

Mimi ni mama wa bibi harusi, niko huku Nakuru. Kanisa letu halitaki mabega wazi wala mgongo wazi. Binti yangu ana mabega mapana, aliogelea sana shuleni, na kila duka tukienda wanamwonyesha magauni yasiyo na mikono halafu wanasema tutaongeza koti la lesi juu. Koti lenyewe linamfanya aonekane kama mlinzi wa benki. Tufanyeje? Na sisi akina mama tunavaa nini?

FundiWaKondele

Mama, shikamoo. Koti fupi la lesi lina mpaka mlalo unaopita katikati ya kifua na mikono, na mpaka huo unaongeza upana palepale palipo na upana. Likataeni. Mikono ishonwe kwenye gauni lenyewe, lesi nyembamba juu ya neti ya rangi ya ngozi yake, mshono wa bega uingizwe ndani kidogo kuelekea shingoni. Shingo iwe V isiyo na kina, kanisa halitasema kitu. Shingo ya mashua, ile iliyonyooka kutoka bega hadi bega, mliiona kwa Meghan Markle alipoolewa na Prince Harry wa Uingereza mwaka 2018. Nzuri sana, ila si ya mabega mapana. Sketi nayo ijae kidogo ili chini pawe na uzito wa kulingana na juu. Mkato wa A, ule unaotanuka kuelekea chini kama herufi A, utamkaa.

Nyinyi akina mama, mwombeni fundi asiwashonee suti ya sketi ya kubana na koti linaloishia kwenye nyonga. Koti liishie juu ya nyonga au lipite kabisa, lisikae pale pale zilipojaa. Mengine mnayajua kunishinda.

KijanaWaMilimani

Naomba kutofautiana. Nimepiga picha za harusi nyingi hapa Nakuru, na kusema kweli bibi harusi anayetoka vizuri kwenye picha ni yule aliye huru. Nyinyi mafundi mnawatia watu hofu na inchi zenu. Halafu huo mkato wa A ni wa kizamani, kila mtu anao.

FundiWaKondele

Kaka, anakuwaje huru katika gauni linalomkaba? Inchi ndizo zinazompa huo uhuru unaoupiga picha.

Na mkato wa A ni wa kizamani, ndiyo. Jina lenyewe lilitoka kwa mbunifu wa mavazi Christian Dior kule Paris, katika toleo lake la msimu wa kuchipua wa 1955. La kwake lilikuwa tofauti kidogo na la sasa: lilianza kutanuka kutoka juu na kiuno hakikukazwa. Tunachouza leo kwa jina hilo kimebana mpaka kiunoni ndipo kikatanuka. Kila mtu analo kwa sababu linamkubali karibu kila mtu, hasa asiyejua anataka nini. Lakini liangalie vizuri, sketi yake ianze kutanuka kiunoni. Mafundi wengine huibana mpaka kwenye nyonga kwanza ndipo waifungue, na hapo mwenye mapaja manene atapata kishuka kinachoning'inia mbele kama pazia.

Hebu tusaidie wewe unayepiga picha, upepo wa huko unaufanyaje?

KijanaWaMilimani

Hapo sasa tunaongea. Tukienda Menengai kwenye ukingo wa kreta, shela nyepesi ndefu inapaa na kumfunika bwana harusi. Inavutia mara ya kwanza, baadaye ni vita. Shifoni, kile kitambaa chepesi kinachopenya mwanga, nayo inashikamana na miguu upande upepo unakotoka, kwa hivyo bibi harusi anaonekana amevaa suruali. Anayetaka picha za kule avae kitambaa chenye uzito, au ashonewe bitana inayofika chini kabisa. Na alete shali. Jua likizama huko juu ni baridi, mikono wazi inapata vipele na vipele vinaonekana.

FundiWaKondele

Umesema kweli. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, sisi Kisumu tuko kama 1,130. Gauni lile lile litakaa vizuri huko na kumtesa mtu hapa. Kwetu mchana wa jua, satini ya poliesta yenye tabaka tatu ni sauna. Weka bitana ya pamba sehemu ya juu, toa bitana mikononi, na usichukue satini ya rangi ya maziwa kwapani bila kukingia. Jasho kwenye satini linaacha ramani. Krepu, kitambaa kisichong'aa chenye mikwaruzo midogo, inasamehe zaidi.

Mwanakakamega

Fundi mimi nina shida ya kinyume. Ni mrefu, mwembamba, sina nyonga wala kifua, ubao mtupu. Harusi nimeshakodi gauni. Hii ni ya siku ya kupeleka mahari, nataka gauni la nguva la kitenge. Naambiwa sina cha kujaza.

FundiWaKondele

Kwanza wewe ndiye ambaye gauni la kunyooka liliumbiwa. Carolyn Bessette alipoolewa na John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa Marekani, mwaka 1996 alivaa gauni jeupe la krepu lisilo na nakshi hata moja, kazi ya mbunifu Narciso Rodriguez, limekatwa mshazari. Kukata mshazari maana yake uzi wa kitambaa unainama kikona, hausimami wima wala haulali, kwa hivyo kitambaa kinanyumbuka na kufuata mwili. Kazi hiyo ilipewa sifa na mbunifu Madeleine Vionnet wa Paris tangu miaka ya 1920. Mwili mrefu mwembamba unakibeba vizuri kitambaa cha namna hiyo, ingawa kinaonyesha hata alama ya lastiki ya chupi. Kinakula kitambaa kingi pia, fundi akikuambia inatosha kama ya gauni la kawaida, mshuku.

Lakini umesema kitenge, na kitenge hakinyumbuki kama krepu. Nguva ya kitenge inawezekana kwa mishono mirefu sita au minane iliyochongwa mmoja mmoja, zipu ndefu nyuma, na mpasuo. Usipotaka mpasuo, hutatembea. Kwa mwembamba nyonga hutengenezwa: kipande cha ziada kiunoni kinachofunguka juu ya nyonga kama mwavuli mfupi, kigumu kidogo kwa ndani. Hapo sasa umepata nyonga, na mahari isipungue.

Jambo moja ambalo watu hulisahau mpaka gauni limeisha ni maua. Kitenge chenye maduara makubwa kina adabu yake. Kabla fundi hajakata, mwambie akitandaze mbele yako, akuwekee karatasi za mkato juu, uone duara linaangukia wapi. Nimewahi kuletewa la kurekebisha ambalo duara moja la rangi ya machungwa lilikaa juu ya titi la kushoto na jingine katikati ya makalio. Kila kipimo kilikuwa sawa. Hakuna cha kurekebisha pale, ni kununua kitambaa kingine. Duara kubwa liweke katikati ya tumbo la juu au chini karibu na pindo, na pande mbili zilingane kwenye mshono wa katikati. Ukinunua, ongeza yadi moja kwa ajili ya kulinganisha tu.

BintiKaloleni

Assalaam alaykum. Sisi wa stara umetusahau? Nikaha ni ya wanawake na wanaume kando, lakini walima, karamu ya harusi, kutakuwa na watu mchanganyiko. Nataka mikono mirefu, shingo juu, hijabu, lisibane. Kila nikivaa naonekana kama mto.

FundiWaKondele

Waalaykum salaam, karibu mwanangu. Kulegea na kukosa umbo ni mambo mawili. Umbo la gauni lako lipate kutoka kwenye mishono mirefu ya wima, kutoka begani hadi chini, ikiingia kidogo kiunoni bila kushika mwili. Mabega yakae sawasawa kabisa, mshono wa bega juu ya mfupa wa bega. Bega likishuka nusu inchi tu, hapo ndipo mto unapoanzia. Mikono iwe myembamba kuanzia kiwiko kushuka, na mwisho wa mkono ufungwe kwa vifungo. Kwa kuwa hijabu na shela zinaongeza ujazo kichwani na kifuani, usiweke nakshi nzito kifuani tena. Peleka nakshi zote kwenye pindo na mikononi. Krepu nzito itakufaa kuliko satini, inaanguka na haishiki.

BintiKaloleni

Shukran. Kweli bega langu lilikuwa linashuka, nimelitazama sasa hivi kwenye kioo.

Mdau_Bondo

Na tunaokodi je? Si kila mtu ana pesa ya kushonewa. Mimi nilikodi, nikapimwa peku, nikaambiwa litafupishwa. Siku ya harusi na viatu vyangu vya kisigino pindo likawa linaelea juu ya vidole, nyuma limeburuza. Mwenye duka akaniambia ndio fasheni.

FundiWaKondele

Pole sana. Unapokodi, chagua kwa kile kisichorekebishika. Gauni la kukodi mwenyewe hakubali likatwe. Anachoweza ni kupunguza ubavuni kwa mshono wa muda na kukunja pindo. Urefu wa kiwiliwili hauguswi. Kwa hiyo ukivaa la kukodi angalia kitu kimoja: mshono wa kiuno umekaa palepale lastiki yako ilipokaa? Ukiwa chini yake inchi moja, gauni litakusanyika mikunjo mgongoni kila ukiketi. Ukiwa juu yake, litakupanda siku nzima na utakuwa unalivuta. Lisilokaa hapo liache, hata kama lina lulu mpaka kwenye zipu. La mkanda wa kamba mgongoni ni bora kuliko la zipu, linameza tofauti ya inchi kadhaa. Kubana kwa kamba kupite kiasi nako hakufai, nyama ya mgongo inajitokeza juu.

Halafu mwambie mwenye duka akunje pindo ukiwa umesimama na viatu vyako, mbele lifike juu ya kidole gumba cha mguu. Kama sherehe ni nyumbani huko Kano au Ahero na mvua imenyesha, ongeza nusu inchi ya kuinua. Ule udongo mweusi haukubali kutoka kwenye lesi, na amana uliyoweka itabaki dukani.

MamaWaNjoro

Fundi, la mwisho. Gauni tumepata hapa Nakuru, mkato wa A, mikono ya lesi kama ulivyosema. Harusi ni huko kwenu Kisumu kwa wakwe. Tunalisafirishaje? Wengine wanasema likunjwe begini.

FundiWaKondele

Ni kitambaa gani? Kama ni tafeta, kile kitambaa kikavu kinachokunjika haraka, muulizeni marehemu Diana, binti mfalme wa Uingereza. Mwaka 1981 gauni lake la tafeta lenye mkia wa karibu futi 25 liliingizwa kwenye gari la farasi pamoja na yeye na baba yake, akashuka pale kanisa la St Paul's, London, likiwa na makunyanzi dunia nzima inaona. Krepu na lesi zina nafuu.

Lisikunjwe. Likae kwenye mfuko wake mrefu wa kitambaa, wa plastiki utatoa jasho njiani. Mshone tepu mbili ndani kiunoni za kutundikia, uzito usibebwe na mabega ya lesi, yatavutika. Likodishieni gari, lilazwe viti vya nyuma vyote, mtu asikae pale. Safirini siku moja kabla. Mkifika, tundikeni mahali pa juu, piteni na pasi ya mvuke kwa upande wa ndani, msiguse lesi kwa pasi ya kawaida. Petikoti ya waya izungusheni namba nane mpaka pete zilale moja juu ya nyingine, mfunge kwa utepe, itaingia chini ya kiti.